Tulivyokwenda Mahagi Kumchukua Giramia

Tangu turudi sijapita soko la Mudzipela bila kusimamishwa. Wauza nyanya wanauliza, wenye pikipiki wanauliza, hata mwalimu wa kwaya aliniuliza katikati ya wimbo: "Mama Kahindo, kule Mahagi mulifanya je? Na ule musichana iko wapi?" Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo vimekutana sokoni vikazaa habari nyingine kabisa. Jana nimesikia kwamba lori letu lilipinduka na kwamba mimi nimeposwa na mkatekista. Lori halikupinduka. Mkatekista ana mke wake, tena mkali. Basi naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Habari za ruhusa, mihuri na ofisi naziruka, kwa kuwa mnazijua na zinachosha kuliko matope.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni mshonaji wa nguo. Polio ilinikamata miguu yote miwili kabla sijajua kusema vizuri, na natembea kwa kinga ya mikono, ile baiskeli ya magurudumu matatu unayoiendesha kwa kuzungusha mikono. Nilizaliwa Butembo. Nyumbani walinipenda sana, na kwa upendo huo hawakuniacha nivuke mlango, mpaka nilipokuwa msichana nikapanda gari na kuja kwa shangazi yangu Bunia, karibu niseme nilitoroka. Bunia ndiyo iliyonifungulia maisha. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililoniponza.

Leo naongoza chama cha watu wenye ulemavu cha mtaa wetu. Asubuhi nagombana na ofisi zilizojaa ngazi na shule zinazokataa watoto. Jioni nacheza voliboli ya kukaa. Wavu unafungwa chini, wachezaji sita kila upande wanakaa ardhini, wanasogea kwa mikono, na sheria kubwa ni moja: unapogusa mpira, makalio yasiinuke.

Giramia tulimkuta Nyankunde. Tulikwenda kuwachezea wagonjwa kwenye uwanja wa hospitali, naye alikuwa pale akijifunza kutembea na mguu wa bandia, msichana wa miaka ishirini na kitu kutoka Mahagi, mguu wake wa kushoto ulikatwa kwa sababu ya jeraha la zamani la risasi ambalo halikupona. Alitutazama mchezo mmoja, akaomba aingie, akacheza siku nne mfululizo, akarudi kwao. Miezi mingi ikapita. Kisha ukafika ujumbe kwenye simu yangu: "Mama Kahindo, Papa anakatala muchezo. Anasema ataangalia mara moja tu, Jumapili kisha misa. Kama hamukufika, hiyo maneno isirudi tena mu nyumba yake. Mukuye."

Mukuye, yaani mje. Niliusoma mara moja tu nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Baba amemfungia mtoto ndani kwa aibu. Mtoto anataka kutoka, kama mimi nilivyotoka. Nilitandika kitanda cha pili chumbani mwangu, nikampangia cherehani ya kujifunzia, kisha nikaita timu.

Bunia: kupanda

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye kiwanja cha kupakia mizigo, wachezaji sita, kinga mbili za mikono, jozi tatu za magongo, mpira mmoja na wavu. Lori lilikuwa Fuso la mfanyabiashara mmoja, linakwenda mpakani kuchukua sabuni na saruji, na kwa kwenda lilikuwa limebeba kreti tupu za bia. Dereva wake ni Bosco, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikubali kutuchukua bila hata kujikuna kichwa, nami nikamsifu moyoni kwamba huyu ni Mkristo wa kweli.

Alimwendea Muzee Batsi. Batsi ndiye mkubwa wetu kwa umri. Zamani alikuwa dereva wa malori kama hilo, na mguu wake mmoja ulibaki barabarani wakati wa vita. Bosco akanionyesha kwa kidevu.

"Muzee, huyu mama atakaa mbele ao nyuma?"

"Mama mwenyewe iko hapa," nikasema. "Umuulize yeye. Polio ilikamata miguu, masikio iliacha."

Bosco akaomba radhi mara tatu. Hiyo ndiyo vita yangu ya kila siku. Nikienda kutibiwa wanamwuliza aliyenisindikiza mahali ninapoumwa; nikikaa mezani wanamwuliza jirani ninachokula. Nimefanya semina nzima juu ya jambo hilo, na nina sauti yangu maalumu ya kulisemea, sauti ambayo Mapenzi anaiiga vizuri kuliko mimi. Mapenzi ni mama wa mapacha, anauza mawese, na mdomo wake haujawahi kuchukua likizo.

Vijana wa kupakia walijipanga watuinue kama magunia. Mapenzi akamwambia wa kwanza, "Mikono yako ikae kwako, nitakuita." Tukashika ubao wa lori tukapanda kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, na wale vijana wakabaki wamekunja mikono wakitazama. Kati yetu sita wamo ambao wakati wa vita familia zao zisingeweza kuchota maji kisima kimoja. Asubuhi ile waligombania kreti isiyo na misumari, wakasukumana, wakatukanana kwa kicheko. Mimi hiyo naiita amani, hata kama ni changa. Tulipopita kambi ya askari wa kofia za buluu mmoja wao alitupungia mkono, nasi tukampungia magongo.

Iga Barrière: ndizi za huruma

Kabla ya Iga, na baada ya Iga, na mahali pengine pengi ambapo mtu yeyote mwenye kamba ameona mti wa kuifungia, kuna kizuizi. Kwenye cha kwanza alitoka mtu mwenye miwani ya jua akamwuliza Bosco amebeba nini. Bosco hakujibu. Alionyesha nyuma kwa kidole gumba. Mtu yule akapanda gurudumu, akatuona sita juu ya kreti, akavua miwani.

"Aa! Pole, pole. Mupite."

Kamba ikashuka. Kwenye kizuizi cha pili ikawa vilevile, na cha tatu. Hapo Batsi akaanza kucheka peke yake, na tulipomwuliza akasema kwamba enzi zake alimjua dereva aliyefanya hivyo na bibi kizee kipofu, akamzungusha barabara hii mwaka mzima. Mapenzi akagonga paa la kichwa cha lori mpaka Bosco akasimama.

"Bosco! Kumbe siye ndio karatasi yako ya njia?"

Bosco akatoa kichwa dirishani. Hakukana.

"Mama, kila mutu iko na kazi yake mu motokari."

Nilikasirika dakika nzima. Kisha nikakumbuka kwamba siku ni Ijumaa na Jumapili haingojei mtu, nikafanya naye mapatano: sisi tumpitishe kwenye kamba zake, yeye atufikishe Mahagi kabla misa haijaisha, hata ikibidi kutubeba mgongoni. Akaapa kwa jina la mama yake.

Sokoni Iga tulisimama kula. Kabla hatujaagiza chochote, kina mama wawili walituletea mkungu wa ndizi mbivu, wakauweka mbele yetu na uso wa msibani.

"Mungu atabasaidia, bapendwa. Munaenda kuomba wapi?"

"Hatuendi kuomba, mama," Mapenzi akajibu. "Tunaenda kupiga batu ya Mahagi."

Yule mama akarudi nyuma hatua mbili. Mnajua nchi yetu: hayo si maneno ya kutupa ovyo juu ya lori, miaka hii ambayo watu bado wanalala na viatu karibu. Wa pili alikuwa ameshafungasha beseni lake. Ikabidi Batsi anyanyue mpira juu, aonyeshe, "Mu voliboli, mama, mu voliboli!" Walipoelewa walicheka mpaka wakakaa chini pamoja nasi, na wa kwanza akatuongezea karanga, safari hii za kututakia ushindi. Tulikula zote. Ndizi za huruma na karanga za ushindi tumboni ni jamaa moja.

Kabla ya Kpandroma: siku ya matope

Mvua ilitukuta milimani, baada ya Fataki. Barabara ile ni nyekundu na inateleza kama bamia. Saa tisa mchana gurudumu la nyuma liliingia shimoni, Bosco akakanyaga mafuta, likazidi kuingia, na mwisho lori likalala ubavu kidogo kama mtu anayesikiliza jambo. Hilo ndilo lililogeuka sokoni kuwa ajali. Mwalimu wa shule ya karibu alitukaribisha kwake, mkewe akatupikia maharagi na bugali, na mvua haikukata mpaka asubuhi.

Jumamosi vijana wa kijiji walikuja na majembe. Wakachimba, wakaanza kusukuma. Sisi tulikuwa tumeshapanda, tukaambiwa tubaki juu, tusisumbuke.

"Mubakie tu, bilema. Tutafanya."

Walisukuma asubuhi nzima. Kila lori liliposogea hatua moja lilirudi hatua moja na robo. Mimi nilikuwa natazama jua na kuhesabu saa, na moyoni namwona Giramia amekaa dirishani, baba yake akimwambia, umeona, hawakuja. Nilitaka kulia na nusu nililia.

Batsi alikuwa ametulia muda wote, anavuta pumzi puani. Mwishowe akasema, "Mutushushe. Na kamba ile kubwa mulete hapa."

Kulikuwa na mkalitusi mnene kando ya barabara, mbele ya lori. Batsi aliamuru kamba ifungwe mbele ya Fuso, izungushwe mara mbili kwenye shina la mti, na ncha yake tupewe sisi. Tukakaa sita kwa mstari mtaroni, migongo imegota ukingo, na wenye miguu ya kukaza wakaikaza. Kazi yetu haikuwa kuvuta lori. Kazi yetu ilikuwa kuiba: wenye kusukuma wakisogeza lori kidogo, sisi tunavuta ile kamba iliyolegea na kuishika, ili lisirudi. Mikono yetu ndiyo miguu yetu, ndugu zangu, haijapumzika tangu utoto. Bosco ananguruma, vijana wanasukuma, Batsi anapiga kelele "Kamata!" nasi tunakamata. Unyayo mmoja, unyayo mwingine. Mapenzi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa maneno ambayo kanisani hayaimbwi.

Saa nane lori lilitoka. Yule kijana aliyetuita vilema alikuja kumshika Batsi mkono, akakuta viganja vimechunika ngozi yote, kwa kuwa Batsi alikuwa wa kwanza kwenye kamba. Akavitazama, akavua shati lake la ndani, akampasulia vitambaa vya kufungia.

Nioka: maziwa na jibu la Bosco

Nioka tulifika Jumamosi kabla ya giza, tukiwa na matope mpaka kwenye kope. Kule juu kuna baridi, ng'ombe wengi na maziwa mazito. Mwenye nyumba ya wageni alitupatia vyumba vizuri, isipokuwa viko juu, ngazi kumi na moja. Tulizipanda kwa makalio, mmoja nyuma ya mwingine, tukimsalimia kila mgeni aliyekuwa anashuka.

Mwenye nyumba akamnong'oneza Bosco, "Bale banakula nini?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitoe semina, lakini Bosco akanipita.

"Ubaulize, mama. Banasema mingi kupita redio."

"Tunakula batu," Mapenzi akasema kutoka ngazi ya tisa.

Tulikula wali, nyama ya ng'ombe na jibini ya pale, na mwenye nyumba akakaa kutuhadithia habari za nduguye asiyesikia mpaka chai ikapoa. Nilimwona Bosco anajivunia jibu lake, na kweli nilifurahi. Nikawaza kwamba kama dereva wa bia ameelewa kwa siku mbili tu, basi kazi yangu si ya bure. Nililala nimejipiga kifua.

Mahagi: Jumapili baada ya misa

Tuliondoka na umande. Bosco aliendesha kama anayekimbiza mwizi, na kwenye vizuizi hakusimama kabisa, alitoa kichwa tu na kupaza sauti, "Volley! Tumechelewa!" Tuliingia uwanja wa parokia watu wakitoka misani. Mwanamume mrefu mwenye koti la kahawia alikuwa anatutazama. Pembeni yake alikuwa Giramia, kitenge hadi vidole, amesimama wima kama mshumaa. Nilijua huyo mrefu ni Papa Ukumu, baba yake, mkatekista.

"Mumefika," akasema.

"Tumefika, Papa."

"Basi muonyeshe."

Wavu tuliufunga kati ya nguzo ya goli na kinga yangu. Ni wavu wa kuvulia samaki wa Kasenyi, nimeupindia kingo za kitenge mwenyewe. Waumini walidhani tumekuja kwa sadaka, wakaanza kutuwekea mayai mbele, na mmoja aliweka kuku. Mapenzi akawaambia tutapokea, lakini baada ya kushinda. Kisha tukaomba wapinzani. Wakajitokeza vijana sita wa timu ya mpira ya parokia, vifua mbele, wakicheka.

"Kukaa tu? Hiyo ni kazi ya bibi."

Wakakaa. Ndipo walipogundua kwamba miguu ni mizigo. Hawakujua waiweke wapi. Mpira ukienda kushoto wao wanataka kuinuka, na wakiinuka ni kosa. Wakibaki chini hawafiki. Sisi tunateleza kwa mikono huku na huku. Seti ya kwanza walipata pointi nne, mbili kati yake tuliwapa kwa adabu. Watu walikuwa wamepanda ukuta wa parokia, mapadri wameacha chai, watoto wanahesabu kwa sauti.

Katikati ya seti ya pili Batsi alipiga mpira akaguna. Vitambaa vilikuwa vimelowa damu. Hakuweza kuendelea, na hatukuwa na wa saba. Nikatazama pembeni.

Giramia alikuwa ameshakaa chini. Alifungua mikanda ya mguu wa bandia mbele ya parokia nzima, akautoa, akampa mama yake aushike. Nilimwona Papa Ukumu anafumba macho. Giramia akakunja kitenge, akaja kwa mikono mpaka mahali pa Batsi, akaniambia tu, kama kwa dada yake mkubwa, "Yaya, mupira."

Mpira wake wa kwanza uligonga wavu. Wa pili ulipita karibu na sikio la kapteni wa vijana na kutua kabla hajajua mikono yake iko wapi. Mtu mmoja ukutani akapiga mluzi, kisha uwanja mzima ukalipuka. Giramia alicheka, kicheko cha koo wazi, na sikumbuki vizuri pointi zilizofuata kwa sababu nilikuwa natoa machozi na kucheza kwa wakati mmoja. Tulishinda. Kuku alipewa Batsi.

Nyumbani kwa Papa Ukumu

Alitualika kula kwake. Samaki wa ziwani wa kukaushwa, sombe ya majani ya muhogo, bugali wa mtama. Watu walikula kimya kama inavyofaa, isipokuwa mimi. Nilijua ndiyo saa yenyewe. Nikamgeukia Papa Ukumu na nikatoa yote niliyonayo. Nilimwambia aibu haina nafasi nyumbani mwa Mungu. Nilimwambia habari za kitanda, cherehani, timu, shangazi aliyenipokea, msichana aliyekuwa mimi. Nilimhakikishia kwamba binti yake atakula vizuri na atasali kila Jumapili. Naambiwa nilizungumza saa nzima. Giramia alikuwa amekaa kando yangu, anachambua miiba ya samaki.

Papa Ukumu alinawa mikono polepole.

"Mama, haiko aibu," akasema. "Mutoto wangu wa kwanza, Berocan. Wakati ya vita batu bakakuya hapa na maneno mazuri. Bakakula mu hii meza. Bakasema atapata kazi, atarudi. Akaenda mbele ya macho yangu, na sijaona hata kaburi. Weye pia maneno yako ni mazuri sana. Sababu ya ile nilikatala hiyo muchezo. Nilijua mutakuya kumuchukua."

Nilitaka ardhi inimeze, kwa kuwa siku tatu nzima nilikuwa nimembeba mtu huyu kichwani mwangu kama adui.

"Lakini leo nimemuona anacheka," akaendelea. "Tangu risasi sijamuona vile. Kama ni Bunia ndiyo inamufanya acheke, basi mumuchukue."

Nimeshinda! Hivyo ndivyo nilivyowaza, nakiri. Nikamgeukia Giramia kwa furaha.

"Umesikia? Ufunge mizigo!"

Giramia akaweka mwiba wa mwisho kando ya sahani.

"Bunia ya kufanya nini?"

"Ya kucheza. Ya kuishi."

"Mama Kahindo, miye nilisema mukuye. Sikusema munichukue. Na weye, tangu umefika, hujaniuliza hata kitu moja."

Mapenzi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka, anapiga ardhi kwa kiganja. Bosco alijaribu kujizuia, chai ikamtoka puani. Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka kwenye kucha. Miaka yote ile ya kugombana na wauguzi na wenye hoteli, halafu nimekaa kando ya msichana mwenye mdomo wake na akili yake, nimemnunua na kumuuza kwa baba yake kama vile hayupo.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema, na sauti ile ya semina haikuwepo. "Unataka nini?"

Alikuwa na jibu lote tayari, inaonekana tangu Nyankunde. Kuna wasichana wanne Mahagi wanaokaa ndani. Aliwataja kwa majina. Mmoja wa nyuma ya soko hajatoka nje tangu Pasaka iliyopita. Akienda Bunia atacheza yeye mmoja. Akibaki watacheza watano, na wa sita atapatikana. Anataka uwanja wa parokia siku tatu kwa wiki. Anataka mpira wetu na wavu wetu. Kisha akamtazama baba yake.

"Na weye, Papa, unaingia nyumba zote kwa katekisimu. Miye bazazi babo batanifukuza. Weye batakusikiliza. Uende ubatoe."

"Miye?" Papa Ukumu akasema.

"Papa, Bunia iko mbali. Chagua."

Mama Giramia akainuka akaleta koti la kahawia la mumewe, akamwekea mapajani.

Jumatano: kuondoka

Bosco alingoja sabuni na saruji siku mbili, nasi tukazitumia kufundisha. Jumatatu walikuja wawili. Jumanne watatu, na yule wa nyuma ya soko alikuja amefunikwa kitambaa usoni, akakiondoa alipochoka kukosa mpira.

Jumatano asubuhi tulikuwa juu ya mifuko ya saruji, tayari. Tulimngoja Giramia aje kutuaga. Mama yake alituletea mayai ya kuchemsha kwa ajili ya njia, lakini yeye hakuonekana. Bosco akapiga honi mara moja, kisha mara ya pili. Nilijisikia vibaya kidogo, sitawaficha. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia, mazuri.

Mwishowe tukaondoka. Njia inapita nyuma ya parokia, na Bosco akapunguza mwendo. Wavu ulikuwa umefungwa. Upande mmoja walikaa wale vijana wa Jumapili, bado hawajui pa kuweka miguu. Upande wa pili walikuwa wasichana watano, na wa sita ni Papa Ukumu, amevua koti, suruali ya misa imejaa vumbi. Mpira ulimjia juu. Akajinyosha, akajinyosha tena, akaupiga vizuri sana.

"Papa, fote, kosa!" Giramia akapaza sauti. "Umeinuka!"

"Kidogo tu."

"Umeinuka, Papa. Pointi yabo."

Papa Ukumu akajikalisha, akafuta mikono kwenye suruali, akawarushia wapinzani mpira. Tulikuwa tumesimama pale pembeni, lori zima, watu sita tukipunga magongo na vitambaa, lakini wote walikuwa wanaangalia mpira, na hakuna aliyegeuka.